MaNgubane na Tawi la Mpiyakhe

Mgodi ulimmeza Mpiyakhe na haukumrudisha. Wazee wa kwao Msinga wakasema, kama mwili umeshindikana, roho ikachukuliwe. Mama yake, MaNgubane, akafunga safari hadi Johannesburg na tawi la mkunazi-mwitu mkononi, ndilo hubebewa roho. Akasimama kwenye mdomo wa shimo, akamwita mwanawe kwa jina, akamwambia twende nyumbani.

Mbeba tawi hasemi na mtu njia nzima. Husema na marehemu tu, akimweleza kila kinachotokea: tunapanda, tunashuka, tunavuka mto. Usipomwambia mtoni, hubaki ng'ambo. Ndiyo maana shemeji yake, Bhekuyise, alifuatana naye awe mdomo wake kwa watu.

MaNgubane alikuwa mama wa kanisa, na Alhamisi hakukosa maombi ya akina mama. Mchungaji alipopata habari za tawi hakumkataza wala hakumbariki. MaNgubane aliendelea kusali kimoyomoyo, maana Mungu alikuwa anajua kwamba hana kaburi la kwenda kulilia.

Walikata tiketi tatu za basi. Tawi lilikaa dirishani, limefunikwa blanketi. Kabla jua halijapanda tairi lilipasuka, na la akiba halikuwa na upepo. Abiria wakashuka wakakaa majanini, mvua ikawakuta hapo hapo. MaNgubane akatoa blanketi begani mwake akalizidishia tawi.

"Tumekwama, mwanangu," alinong'ona. "Ni tairi. Usiende mbali."

Basi la pili lililokuja kuwachukua lilikuwa limejaa tayari. Kondakta akanyoosha kidole. "Mama, hicho kijiti kiweke chini. Watu wamesimama."

MaNgubane akamtazama tu.

"Haongei na watu leo, kaka," alisema Bhekuyise. "Na huyo amelipiwa nauli. Ni kijana wetu."

"Kalipiwa kule kwenye basi bovu. Na kama ni kijana, si angeshuka akasaidia kusukuma?"

Wawili watatu wakacheka. Bibi mmoja mwenye kapu la kuku akageuka. "Wewe mtoto, mama yako yuko hai? Basi nyamaza."

Kondakta akaenda zake mbele, lakini kiti cha tatu hakikupatikana. Bhekuyise alipewa cha kwake akaliachia tawi, mwenyewe akaketi juu ya begi. Nguo za MaNgubane zilikuwa zimelowa hadi ndani, miguu imevimba, na tangu jana alikuwa hajala isipokuwa kipande cha mkate. Joto la watu likamlewesha. Akajiambia afumbe macho kidogo tu.

Alipoyafumbua aliona kituo cha mafuta cha rangi nyekundu, na maduka yaliyo upande wa pili wa mto Thukela.

Daraja lilikuwa nyuma yao.

Alimshika Bhekuyise kola akamwamsha, akaonyesha nyuma kwa kidole. Shemeji akatazama dirishani, uso ukamsawijika.

"Na mimi nimelala, shemeji," alisema. Kisha akapunguza sauti. "Sikiliza. Wazee hawakuwepo humu, hawatajua. Mbuzi wa kumpokea amefungwa, watu wanatungoja. Tukishuka hapa, leo hatupati gari lingine."

MaNgubane alikuwa ameshasimama. Akagonga bati la basi kwa kiganja mpaka dereva akafunga breki.

Walirudi kwa miguu kando ya barabara, yeye mbele, shemeji nyuma na begi kichwani. Wakavuka daraja mpaka ng'ambo ile, magari yakiwarushia matope. MaNgubane akasimama pale lami inapogusa daraja.

"Mpiyakhe," aliita. "Mama nililala. Si kwamba nilikuacha. Huu ni mto Thukela, mwanangu, sasa tunavuka."

Maji yalikuwa ya udongo, yanavuma. Alingoja. Akaita tena, akataja na jina la babu yake, kisha akaanza kuvuka polepole kama mtu anayemshika mtoto mkono. Tawi lilikuwa jepesi vile vile, mwiba wake umemchoma kidole, na zaidi ya hapo hakuhisi kitu.

Walipofika mwisho wa daraja, Bhekuyise akamsogelea. "Amekuja, shemeji?"

Mwiko haukumruhusu kumjibu, na safari hii alishukuru. Akalifunika tawi vizuri, akageukia njia ya nyumbani, akamwambia Mpiyakhe kwamba hapa mlima unaanza, apande polepole.