Mtani Aliyemhukumu Hakimu Komba

Hakimu Alphonce Komba, Mngoni wa Songea, aliamua kesi Masasi na Newala mpaka akastaafu, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja: kuahirisha. Hata nyumbani. Mkewe, Mama Regina, akitaka paa lizibwe kabla ya masika, mzee anakohoa: "Uamuzi utatolewa tarehe nyingine." Mimi jirani yao hapa Mkomaindo nilikuwa nasikia yote, nikitamani kumzaba kofi.

Kesi iliyompa jina ni ya diwani Nasibu, Myao, aliyeiba na kuuza salfa, dawa ya mikorosho ya wakulima. Redio zilikesha nayo, na mahakama ilifurika hadi madirishani. Alipotiwa hatiani, Nasibu akafoka kizimbani: "Babu zako Wangoni waliteka wake za babu zangu, wala hawakufungwa! Mimi salfa tu?"

Watu wakavunjika mbavu. Mwendesha mashtaka, mgeni kutoka Bukoba, akataka aongezewe kosa la kuidharau mahakama.

"Kaa chini," Komba akamwambia. "Huyo ni mtani wangu. Myao na Mngoni hutukanana bila kosa." Halafu akampa mtani wake miaka mitatu jela.

Mwaka jana Mama Regina akafariki. Komba hakutoa chozi. Alizunguka msibani akiamuru watu wanyamaze, kama yuko kazini, lakini nilijua anachokiogopa, maana hata mimi nilikiogopa: nani angekuja kumzikia mke mtu aliyefunga nusu ya mji? Ndugu zake wako Songea, na kaburi halijichimbi.

Tulipofika makaburini tukamkuta Nasibu, kifungo kimekwisha, jembe mkononi, na kaburi tayari. Jeneza lilipotuliwa kando, akashuka akajilaza shimoni, kama watani wafanyavyo msibani.

"Halali mtu humu mpaka mshtakiwa ajibu! Alphonce, mkeo ameomba paa mpaka amekufa linavuja. Kweli si kweli?"

Habari za paa alizipata kwangu. Mtani akiuliza, anajibiwa. Padri akatazama saa, watu wakacheka, mimi wa kwanza, Mungu anisamehe.

"Kweli," Komba akasema.

"Una hatia. Adhabu yako ni kulia. Hapa hapa."

"Mtani, naomba muda kidogo..."

"Mahakama hii haiahirishi."

Komba akafungua mdomo ajibu, ikatoka sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Alilia mpaka akapepesuka. Nasibu akapanda haraka kutoka shimoni, udongo mgongoni, akamdaka.

"Basi, mtani," akasema. "Tumzike mama."