Nimerefusha magari ya watalii miaka thelathini, yangu mwenyewe ikakataliwa kadi

Wakuu, habari za humu. Wenye umri wangu nawasalimu, nyie wengine nimeshaitikia marahaba kabla hamjaniamkia, tusipoteze muda.

Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja. Darasa la nne ndiyo mwisho wangu, kwa hiyo mkikuta herufi imekaa vibaya irukeni mwendelee. Habari yenyewe ni kweli tupu, na gari ipo uani kwangu Olasiti, Arusha. Anayebisha aje aishike.

Kwanza mjue mimi ni nani, maana humu kuna watu wanadhani kila mzee ni mwalimu mstaafu.

Nilishuka kutoka kijijini Nkoaranga nimevaa katambuga za tairi. Nikaanza kwa kunyoosha mabati ya pikapu zilizogongwa. Kuchomelea nilijifunza kwa kumwangalia fundi mmoja wa Kihindi ambaye hakupenda kuangaliwa. Hakuna aliyenishika mkono.

Kazi yangu ni kurefusha magari. Yale magari marefu ya watalii mnayoyaona yanapita hapa Arusha kwenda mbugani, hayaji marefu hivyo kutoka ng'ambo. Yanakuja mafupi. Sisi ndiyo tunakata chesisi, yaani uti wa mgongo wa gari, kwa grainda, tunavuta nyuma, tunaingiza chuma kipya, tunafunga viraka pembeni, tunachomelea. Halafu tunajenga bodi na paa la kunyanyuka ili mgeni asimame ampige picha simba.

Sijawahi kusikia gari niliyounganisha imekatikia njiani. Narudia, sijawahi.

Kila nikimaliza chesisi, nagonga nukta tatu za welding kwenye kile chuma kinachokatisha nyuma, upande wa kulia. Hakuna aliyenifundisha. Ni kama mtu kusema nimemaliza, naenda kunawa.

Kazi nyingi nilikuwa napata kwa Baba Glori, Mchaga mwenye gereji kubwa njia ya Kisongo. Mteja anapeleka gari kwake, yeye ananiletea mimi, naikata, naiunga, inarudi kwake kupakwa rangi. Mimi nilidhani rangi ndiyo inamaliza kazi. Shikeni hapo, tutaparudia.

Sasa mwaka jana nikaamua na mimi niwe na yangu.

Nina binti anaitwa Eliwaza, mtoto wangu wa mwisho. Amesomea kuongoza watalii na anaendesha gari kuliko kaka zake wote, wasome hapa wanune. Kampuni moja ndogo kule Sekei ikamwambia, ukija na gari yako tunakupa wageni msimu mzima. Mwezi wa sita wageni wa kwanza wanafika. Masharti, gari iwe na kadi sahihi, ukaguzi na leseni ya kubeba watalii.

Nikaagiza kruza ya pikapu kutoka Japani, imetumika lakini injini safi. Ikafika, ikasajiliwa, kadi ikatoka. Kwenye kadi imeandikwa pikapu, nyeupe, watu watatu.

Nikaiingiza uani nikaikata.

Miezi saba, wakuu. Nilijenga ile gari kama mtu anayejenga nyumba ya kuhamia mwenyewe. Viti saba, madirisha ya kuteleza, paa la kunyanyuka kwa mkono mmoja, rangi ya kijani ya majani makavu. Eliwaza akaizunguka mara mbili, akaingia akakaa kwenye usukani akafunga mlango. Mlango ukalia "tup" kama wa kiwandani. Nikajua nimemaliza.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili wageni wafike.

Tukaenda ofisi ya leseni za usafirishaji. Kijana wa kaunta akaangalia kadi, akatoka nje akaangalia gari, akarudi kuangalia kadi. Akasema mzee hii kadi si ya gari hii.

Nikacheka. Nikamwambia namba ya chesisi ipo palepale mbele, sijaigusa, lala chini usome. Akasema namba ni sawa lakini kadi inasema pikapu ya watu watatu na nje kuna basi dogo. Nenda ofisi ya mapato wakabadilishe.

Nikaenda. Wakasema hatubadilishi mpaka mkaguzi wa magari wa trafiki aandike ameona nini. Nikaenda kwa trafiki, nikamkuta askari mmoja mapokezi. Akasema hatukagui gari iliyobadilishwa bila barua ya kuruhusiwa kubadilisha, hiyo barua inatoka ofisi ya mapato. Nikarudi. Dada wa pale akasema barua ya ruhusa inaombwa kabla ya kubadilisha, wewe umeshabadilisha, mfumo hauna sehemu ya kuombea kitu kilichokwisha fanyika.

Nikamuuliza, kwa hiyo mfumo unataka niirudishe iwe pikapu, niombe ruhusa, halafu niikate tena?

Akafikiri kweli. Akasema labda.

Wakuu, mimi nimekata chuma cha kila aina, lakini hilo "labda" halikatiki. Nilizunguka ofisi hizo mbili siku nne. Kila mtu ana adabu, kila mtu ananiita mzee wangu, na kila mtu ananielekeza mlango niliotokea. Fomu zenyewe za Kiingereza. Nilikuwa nazishika nakunja uso kama mtu anayesoma, halafu nampa Eliwaza nikisema sijabeba miwani. Miwani sina tangu nizaliwe.

Siku ya tano mkaguzi mwenyewe akatuona tumekaa kwenye benchi. Ni mama mmoja afande, mwembamba, hana maneno mengi. Akasema lete gari niione kwanza, makaratasi tutagombana nayo baadaye.

Akavaa ovaroli akaingia chini. Maofisa wengi hukagua gari kwa kupiga tairi teke. Huyu alilala chini kabisa na tochi, akapima unene wa chuma, akapitisha kidole kwenye maungio yote. Alikaa huko chini mpaka nikaanza kuogopa.

Akatoka akauliza, "Mzee, nani ameunganisha hii?"

"Mimi."

"Gereji gani?"

"Mimi, afande. Nyumbani kwangu, Olasiti."

Akanitazama. Akasema, "Hizi nukta tatu nazijua. Nimezikuta chini ya magari mengi sana hapa mjini. Siku zote nilijua ni alama ya gereji ya Baba Glori."

Eliwaza alinishika mkono wa shati.

Afande akatuingiza ofisini, akafungua kabati akatoa faili la gari nyingine ili nione barua inayotakiwa inafananaje. Ni barua ya gereji. Inaeleza chesisi imekatwa wapi, chuma gani kimeongezwa, unene gani, na mwisho imeandikwa nani amefanya hiyo kazi, saini na muhuri. Nyuma zimebandikwa picha. Picha ya tatu ni chini ya gari, na nukta zangu zipo pale upande wa kulia.

Eliwaza akanisomea mstari wa mwisho taratibu kwa Kiswahili. Kazi imefanywa na gereji ya Baba Glori.

Nikamuuliza afande kama zipo nyingine. Akasema mzee, hili kabati limejaa.

Kumbe kila gari niliyowahi kukata ilikuwa na barua. Mimi ndiye nilikuwa sijui. Miaka thelathini nakata, na mwingine anaandika.

Nikamuuliza, basi na mimi nikiandika ya kwangu? Akaomba leseni yangu ya biashara. Nikampa. Imeandikwa mageti na madirisha ya chuma. Ndivyo nilivyokata leseni zamani na sikuwahi kuibadilisha. Cheti cha ufundi sina hata cha kufunga nati.

Akasema, "Baba, macho yangu yameona kazi nzuri. Lakini macho yangu hayawekwi kwenye faili." Kisha akaongeza kwamba nisije nikamletea barua ya uongo, kwa sababu ameshanisikia kwa masikio yake nikisema ni mimi.

Nikatoka pale moja kwa moja mpaka kwa Baba Glori. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Njia nzima natunga maneno.

Nimefika, akaniagizia chai. Nikamweleza. Hakukataa hata neno moja, na hilo ndilo lililonivuruga zaidi. Ningepata pa kushika kama angekataa.

Akasema, "Sasa ulitaka niandike nini? Niandike fundi mageti wa Olasiti? Isingetoka hata gari moja, na mimi na wewe tungelala njaa. Lete gari nikugongee muhuri. Bure. Aliyosikia afande hayawekwi kwenye faili. Kesho mwanao yuko barabarani."

Na ni kweli, wakuu. Bila muhuri wake mimi ningekuwa nachomelea mageti mpaka leo. Lakini pia bila mikono yangu muhuri wake ungegongwa kwenye nini? Mpaka dakika hii sijui niliibiwa au nilisaidiwa. Nimeligeuza hili jambo kila upande, halikai.

Barua akaichapa palepale, anaijua kwa kichwa. Pale chini kuna sehemu ya mwenye gari kusaini kwamba alikabidhi gari kwenye gereji hiyo ikafanyiwa kazi.

Nilishika peni. Herufi ninazojua kuandika vizuri kuliko zote ni za jina langu. Na nilitakiwa niziweke chini ya maneno yanayosema kazi hii hakuifanya mwenye jina hili.

Eliwaza akasema, "Baba, ni karatasi tu."

Nikamwambia, "Kama ni karatasi tu, mbona gari imekwama?"

Nikaweka peni chini. Nikamshukuru Baba Glori kwa chai.

Najua kuna watakaonitukana hapa. Tukaneni. Wageni walifika tarehe yao, kampuni ikachukua gari nyingine, na binti yangu akaajiriwa kuendesha kruza ya mtu. Tena iliyorefushwa na mimi, alienda kuchungulia chini akaziona nukta. Wiki mbili alikuwa ananipa shikamoo tu, chakula anaweka mezani anaondoka. Mama yake akaniuliza kama nimeridhika. Sikuwa nimeridhika. Nilikuwa nimekaa uani naitazama gari iliyofunikwa turubai, sielewi nimemlindia mtoto nini zaidi ya kumkosesha msimu.

Aliyenitoa hapo ni yeye mwenyewe. Siku moja akaja na fomu, akasema chuo cha ufundi wana mtihani wa mafundi waliojifunzia kazini, bila kukaa darasani. Akasema nimeshakujazia, tafuta miwani yako. Akacheka. Alikuwa anajua siku zote.

Nikaenda. Wenzangu kwenye foleni ni vijana watupu, wananipisha wanadhani nimekuja kumwandikisha mjukuu. Niliogopa maswali ya kuandika kuliko kitu chochote maishani, lakini msimamizi wa mtihani aliniita pembeni akanisomea, nikajibu kwa mdomo. Kwenye vitendo nikaunganisha vyuma viwili. Akachukua kiungo changu akakikata katikati kutafuta kama kuna tundu ndani. Akakiangalia, akawaita wenzake nao wakakiangalia.

Cheti kipo ukutani, jirani na picha ya harusi.

Baada ya hapo leseni ya biashara nikaibadilisha. Barua Eliwaza akaichapa, nami namwambia kata hapa, ongeza pale, unene huu. Tukaweka na barua nyingine ya kujieleza kwa nini nilikata kabla ya kuomba. Humo niliandika ukweli, kwamba sikujua kama kuna kuomba. Afande akasoma zote mbili, akasaini. Kisha akatoka nje akachungulia tena zile nukta.

Ile barua ya kazi, kabla haijapelekwa, nilimwambia Eliwaza anisomee mstari wa mwisho. Kazi imefanywa na. Likafuata jina langu. Nikamwambia soma tena, sijasikia. Akasoma tena.

Kadi mpya imetoka juzi. Gari ya watalii, viti saba, kila kitu sawa.

Isipokuwa rangi. Kadi inasema nyeupe.

Wakuu, gari ni ya kijani. Kwenye fomu tuliandika kijani, afande aliandika kijani. Nimerudi ofisi ya mapato, dada ni yuleyule, ameangalia kadi, ametoka nje ameangalia gari. Amesema kubadilisha rangi ni ombi lingine, na linaombwa kabla ya kupaka.

Kwa hiyo nisaidieni wenye uzoefu. Niingie tena kwenye foleni, au niipake nyeupe yaishe? Eliwaza anasema nikigusa ile rangi anahama nyumbani.

Nilichojifunza ni kimoja, na nakisema kwa mafundi wenzangu wa uani. Kabla hujawasha grainda, tembelea ofisi, uliza. Na ukimaliza kazi, hakikisha umeandikwa wewe. Usikubali alama yako ibaki kwenye chuma peke yake, kwa sababu chuma kipo chini ya gari na hakuna anayelala chini kukisoma. Mimi nimepata afande mmoja tu.

Na wewe mwenye gari ndefu ya watalii hapa Arusha, leo kabla hujaiwasha, lala chini. Nyuma, upande wa kulia, kwenye kile chuma kinachokatisha. Ukikuta nukta tatu, niandikie hapa chini, hata neno moja. Nataka kuzihesabu.