Kengele ya Meza ya Dadu

Pale kasino hakuna aliyetumia jina lake. Kuanzia mfagiaji hadi msimamizi, wote walimwita Kengele, na jina hilo alilipata kwa haki yake. Sauti yake ilikuwa safi, inafika mbali bila kupiga kelele. Kazi yake ilikuwa kusimama katikati ya meza ya dadu na fimbo ndefu iliyopinda nchani, kumsukumia mrushaji dadu, kisha kutangaza zimelala vipi. Na kati ya mrusho na mrusho asinyamaze. Aite watu waweke madau ya pembeni: kumi na mbili, kumi na moja, nane ya pacha, yaani nne na nne. Meza ikinyamaza, alisema msimamizi, watu wanaanza kufikiri.

"Na wakifikiri?" Kengele aliwahi kumuuliza.

"Wanarudi makwao."

Mumewe alikuwa kinyozi. Banda lake lilikuwa mtaa wa pili kutoka nyumbani: kioo chenye ufa, rafu ya poda na spiriti, na katikati kile kiti. Kiti cha chuma alichoachiwa na marehemu baba yake, kizito hakibebeki, ukikanyaga pedali kinapanda, ukivuta mkono kinalala. Watu waliyapita mabanda yenye feni na televisheni wakaja kukaa pale. Binti yao alisomeshwa na kiti kile. Hata Kengele alichumbiwa juu yake; alizungushwa mpaka kizunguzungu kikampata, akasema ndiyo.

Haya. Jumapili moja baada ya kula, mume akauliza, "Mama watoto, wewe na zile dadu mnashinda pamoja. Kweli hakuna njia ya kuziweza?"

Mwanamke mwingine angesonya, akakusanya sahani, mambo yakaisha. Kengele hajui kuliacha swali. Akachukua dadu mbili za ludo za binti yao, akakaa.

"Tazama. Hii ina pande sita, na hii sita. Zikirushwa pamoja zina njia thelathini na sita za kulala. Saba inakuja kwa njia sita: moja na sita, mbili na tano, tatu na nne, halafu uzigeuze. Kumi na mbili je?"

"Sita na sita," alisema kinyozi. "Njia moja tu."

"Moja basi. Kwa haki, ukiweka shilingi ukaipata, ungeongezewa thelathini na tano. Sisi tunakupa thelathini. Hizo tano ndizo zinazowasha taa zile zote, na ndizo zilizokununulia shati ulilovaa. Kila dau la pembeni, ujue kuna mkono mfukoni mwako."

"Yote? Halipo hata moja la halali?"

Hapo, jamani, ndipo alipoharibu. Angesema halipo! Uongo mdogo tu, wa kuokoa nyumba. Lakini yeye na ukweli wake akasema, "Lipo moja." Akaeleza. Umeweka dau la kwanza, dadu zimetoa namba, tuseme nne. Sasa unaruhusiwa kuongeza dau nyuma ya lile la kwanza. Nne ina njia tatu, saba ina sita; saba ikitangulia, umeliwa; nne ikirudi kwanza, unalipwa mbili kwa moja, sawasawa kabisa. Kasino haikati kitu. Ndiyo maana halijaandikwa popote mezani, na hakuna anayeliita.

"Halikuibii," alisema, "lakini halikupi pia. Leo utapata, kesho utakosa, na anayeishiwa kwanza siku zote ni wewe."

Sikio la kinyozi lilikwishaondoka na neno la kwanza.

Siku zilizofuata akawa mtu wa kurusha dadu za ludo peke yake, midomo ikimchezacheza. "Una mke mdogo humo?" Kengele alimtania. Wakacheka wote wawili. Masikini, hakujua anacheka nini.

Alasiri moja meza imejaa, Kengele akainua macho, akamwona mumewe anaingia na koti lake la harusi.

Pale kuna sheria ambayo hata mfagiaji anaijua: ndugu yako akifika mezani kwako, unaweka fimbo chini na kumwambia msimamizi. Wewe unahamishwa, yeye anatolewa. Ukificha, umejifukuza. Kengele alitakiwa aseme pale pale. Lakini mabaunsa wamkokote mumewe mbele ya watu, na koti lile? Aibu ilimziba mdomo. Atapoteza pesa ya vichwa vya leo, alijiambia, atashika adabu, ataondoka.

Kinyozi akatoa bahasha nene, akabadilishiwa vile vipande vya rangi vya kuchezea, rundo zima. Kengele akaikodolea macho bahasha tupu. Nyumbani kwao kilikuwapo kitu kimoja tu kinachoweza kugeuka bahasha ile. Amekiuza kiti! Akataka kusema sasa, akaona atakavyoulizwa kwa nini hakusema mwanzo. Na kama kiti kimekwenda, kilichobaki cha kulisha nyumba ni fimbo hii. Akaishika kwa nguvu zaidi, akasukuma dadu.

Mume alicheza kama alivyofundishwa, hakukosea hata kidogo. Dau la kwanza, namba ikatoka, akaongeza nyuma yake. Saba. Akarudia, saba tena. Mara moja tu namba yake, sita, ikamrudia, akatanua mabega kama bwana harusi. Kisha saba, na saba. Dau la halali lilimfilisi kihalali.

"Kengele, mbona umezima?" msimamizi alimwambia nyuma ya bega. "Ita!"

"Kumi na mbili!" aliita. "Thelathini kwa moja! Nani ana moyo wa kumi na mbili?"

Kinyozi akainua uso. Wakatazamana. Akainamisha kichwa kidogo, vile anavyomwitikia mteja anayemwonyesha kwenye kioo pa kupunguza, akaweka kwenye kumi na mbili. Dadu zikalala tano.

Ili asimchochee tena kwa kumi na mbili, Kengele akaita kumi na moja. Mume akahamia kumi na moja. Akaita nane ya pacha. Huyo, nane ya pacha! Hapo ndipo mwanamke alipoelewa: mume wangu anadhani namwonyesha pa kuweka. Akamkatalia kwa macho. Mume akatabasamu kama mtu aliyeambiwa afiche siri. Kengele akaacha kuita, msimamizi akasema, "Ita, bwana." Akaita. Mume akaweka.

Kilipobaki kipande kimoja mkononi mwa mume, Kengele aliilaza fimbo juu ya meza.

"Huyu ni mume wangu," alisema.

Ofisini walimwonyesha picha za kamera. "Kila ukiita, anaitikia na kuweka," alisema msimamizi.

"Na kila akiweka, anapoteza. Mwizi gani anayejiibia mwenyewe?"

"Hilo nalijua. Lakini amesimama pale muda wote ule, na wewe kimya. Lete beji."

Alimkuta kinyozi bandani, amekaa juu ya debe la rangi. Sakafuni palikuwa na matundu ya boliti, na duara safi mahali kiti kilipokuwa.

"Lakini uliniita, mama watoto," alisema.

"Naita kila mtu. Ndiyo kazi."

"Ulinitazama machoni."

"Wote nawatazama machoni. Ndivyo tulivyofundishwa."

Kinyozi akapangusa uso kwa mkono wa koti. "Mimi nilidhani unaniita mimi."

Kengele alifungua kinywa amtukane, maana hasira alikuwa nayo, na ya kutosha. Tusi halikuja. Akilini alimjia mzee mmoja wa pale mezani, wa suti ya kahawia, aliyekuwa akiweka kumi na moja kila anapotabasamiwa. Akamjia fundi mwenye kidole kilichofungwa bandeji, aliyependa kuweka kumi na mbili, aliyetoka mikono mitupu na bado akasema asante, dada. Miaka yote alidhani ni adabu zao tu. Nao walidhani anawaita wao, na kila mmoja alikuwa na mke mahali fulani aliyekuta duara safi sakafuni.

Akaketi chini, karibu na yale matundu, akalia kwa sauti ile ile inayofika mbali.