Chungu cha Masizi Kinamasini

Mnaotaka kucheka, chekeni sasa mmalize. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, na macho haya ndiyo yaliyoliona, tena jua halijazama.

Enzi za wakoloni nilikuwa msaidizi wa bwana afya kule Kitale. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka mashambani na chupa, nikikagua mito na vinamasi, ili ijulikane maji yapi yanywewe na yapi yaachwe. Siku hiyo nilitumwa kwenye shamba la setla mmoja. Alitaka kuhamishia kambi ya vibarua wake kando ya kinamasi, nasi tuyapitishe maji yake. Na miongoni mwa vibarua hao alikuwamo dada yangu Nasimiyu, pamoja na watoto wake wadogo. Kwa hiyo msidhani nilikwenda kutembea.

Mimi ni mtu wa kushuku. Nyapara wa shamba aliponipokea kwa chai yenye maziwa mengi, nikajiuliza: tangu lini?

"Hiyo maji ni safi kabisa, bana," akasema. "Hata hakuna haja ufike huko."

Ahaa! Nikafika huko.

Na kweli yalikuwa safi. Niamini, ungeweza kuona changarawe chini. Hayakunuka, hayakuwa na povu. Nilikuwa nimeshajaza chupa, moyo umeanza kutulia, nilipomwona mwanamke upande wa pili, ameingia majini hadi magotini, anachota kwa chungu kilichojaa masizi.

Kwetu Chwele mtoto hujua hili mapema sana: chungu kilichotoka mekoni hakitiwi kwenye chemchemi. Chemchemi huchukia masizi, hukasirika ikahama. Sasa mtu mzima afanye hivyo, peke yake, jioni, kama si mchawi ni nani? Hasira ikanipanda.

"Mama! Unaharibu maji ya watu? Si uone hiyo chungu yako!"

Hakushtuka. Alichota, akamwaga, akachota tena.

"Wacha niifukuze, baba," akasema polepole. "Watoto wangu walikunywa hii."

Nikazunguka kwenda kumkamata. Nilimshika mkono kabisa, nao ulikuwa baridi kama jiwe la kusagia asubuhi. Mara nikajikuta nimeshika hewa. Hakuna mwanamke, hakuna chungu. Maji hayakuwa na hata kiwimbi kimoja, lakini kiganja changu kilikuwa cheusi tititi kwa masizi.

Nilikipangusa kwenye nyasi, wapi! Niliogopa, sitaficha. Hapo ndipo nilipotambua ule ukimya. Jioni, kinamasini, na hakuna chura hata mmoja anayelia? Nikatazama vizuri: hakuna kereng'ende, hakuna ruba, hakuna hata mbu. Maji yale yalikuwa angavu kwa sababu hakuna kilichokuwa hai ndani yake. Nikaufuata mtaro uliokuwa ukiingia humo, nao ukanifikisha kwenye dipu ya ng'ombe, ile yenye dawa ya kuua kupe.

Bwana afya alipoyapima maji ya chupa yangu, aliikuta sumu. Kambi haikuhamishwa, na Nasimiyu yupo hadi leo, ana wajukuu. Mpishi wa shambani ndiye aliyeninong'oneza kwamba mke wa kibarua mmoja aliwahi kuishi pale. Alizika watoto wawili, kisha naye akazikwa. Mvua zilizofuata, mito yote ilifurika, lakini kinamasi kile kikakauka na hakijarudi. Wewe unadhani ni nini kilichokifukuza?

Masizi yalinitoka kwa sabuni, ila mpaka leo sinywi maji ya mahali nisipomsikia chura. Mke wangu hunicheka sana. Nawe, sikia. Ukikuta maji angavu yaliyonyamaza, usiyaguse. Na ukimwona mtu akiyatia masizi, usikimbilie kumwita mchawi kama nilivyofanya mimi. Muulize kwanza amezika nani.