Nani Aliwaambia Mpira Unaokuja

Msimu wa besiboli hapa Brussels huanza mwezi wa nne, wakati ambao watu wengi wenye akili zao hawakai nje mchana kutwa kwa hiari. Mimi hukaa. Mume wangu, ambaye kwake mpira ni wa miguu tu, alishaacha kuniuliza nafuata nini kule kwenye baridi.

Aliyenipeleka mara ya kwanza ni rafiki yangu mwenye saluni kwenye galeri ya Ixelles, ule ujia wa maduka ya Waafrika pale Matonge. Ni mama wa Lubumbashi, amenizidi miaka michache, na galeri nzima humwita maman, nami nikazoea. Binti yake ameolewa na kijana wa Kiholanzi ambaye wazazi wake walitoka visiwa vya Karibi. Huyo mkwe ndiye mrushaji wa timu yetu. Nasema yetu kwa sababu uwanja uko ukingoni mwa Evere, umbali mfupi tu kutoka kwangu, nyuma ya viwanja vya tenisi, na ndege zinazokwenda kutua hupita chini mno juu ya vichwa vyetu hadi mwamuzi husimamisha mchezo kidogo ili wachezaji wasikilizane.

Mwanzoni nilikuwa namsindikiza maman tu. Kisha nikamwona yule kijana amesimama juu ya kilima kidogo cha udongo katikati ya uwanja, amemkazia macho mtu mwenye gongo, nikakumbuka utoto wangu Dodoma, tulivyokuwa tukicheza rede barabarani kwa mpira wa soksi. Katika rede unakaa katikati, wenzako wawili wanakurushia kutoka pande mbili, na ukiguswa umetoka. Nilikuwa nadumu sana katikati. Siri yangu ilikuwa kumtazama anayerusha, siyo mpira. Nikaona huku Ulaya kuna watu wazima wanaofanya kazi ileile kwa sare na kofia, na toka siku hiyo nikawa mtu wao.

Asiyeujua mchezo huu anatakiwa kujua jambo moja. Mrushaji ana mpira wa kasi na mpira wa taratibu unaozama mwishoni. Mdakaji, aliyechuchumaa nyuma ya mpigaji, humwambia kwa vidole autume upi. Mpigaji hajui. Akijua, kazi imekwisha, kwa sababu mpira wa taratibu ukiungoja ni kama embe linaloanguka.

Msimu uliopita wapigaji walikuwa wakigonga hewa mbele ya mkwe wa maman. Mwaka huu, mechi ya kwanza tu, timu ngeni ilimpiga kama mtu anayetwanga. Mpira wa kasi waliuacha upite. Mpira wa taratibu waliungoja, wakautuma mbali hadi kwenye nyasi ndefu. Nilidhani ni baridi imemkaza mkono. Mechi ya pili, timu nyingine kutoka upande wa Antwerp ikafanya vilevile.

"Dada, we unaona?" maman aliniuliza, mikono ameificha kwenye mikono ya koti. "Banajua mupira mbele ifike."

Niliona kwamba wanaujua kabla haujafika. Na kuanzia hapo sikuutazama mchezo tena, nilitazama watu.

Kulikuwa na mzee mmoja mwenye kofia ya kijani aliyesimama kila mara nje ya uzio, upande wa mbali kabisa wa uwanja, na mbwa wake. Kutoka pale mtu anamwona mdakaji uso kwa uso, na vidole vyake vyote. Mara mzee anainua mkono, mara anaushusha, mara anamvuta mbwa. Nikamwonyesha maman. Naye akaanza kumtazama.

"Ule muntu anafanya nini pale na imbwa yake?" alisema. "Donc, uwanja wote wa Evere, anaona tu ile fasi?"

Mapumziko yalipofika nilizunguka uzio mzima, matope hadi kwenye vifundo, nikajifanya nimevutiwa na mbwa. Mzee alinisalimia akiangalia pembeni kidogo ya uso wangu. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe. Akanieleza kwamba huja kwa ajili ya sauti ya gongo likigusa mpira, kwamba hapo ndipo inapofika vizuri, na mbwa amezoea njia. Nikampapasa mbwa, nikarudi nilikotoka nikiwa na aibu. Hata hivyo, mchezo ulipoendelea niligeuka mara mbili kumwangalia tena. Shaka ikishaingia haitoki kwa kuonyeshwa ukweli.

Siku ya mechi ya tatu nilikuwa nimekaa na maman mahali petu pa siku zote, nyuma ya wavu unaotukinga na mipira. Kocha akaja kabla mchezo haujaanza. Ni Mflemi, Mbelgiji wa lugha ya Kiholanzi, mrefu na mtaratibu, ambaye kila mechi hunishika mkono na kuniuliza hali ya nyumbani. Safari hii hakunishika mkono.

"Madame," alisema kwa Kifaransa chake cha uangalifu, "ningekuomba leo ukae upande wa kulia, pamoja na familia za wachezaji."

"Kuna nini hapa?"

Alitazama viatu vyake. "Baadhi ya watu wameona kwamba unagusa kitambaa chako cha kichwani. Mara kwa mara. Kabla mpira haujarushwa."

Sikumwelewa mara moja. Nilipomwelewa nilihisi joto kali shingoni, katika baridi ile. Nagusa kitambaa kwa sababu upepo unakivuta. Na kutoka nyuma ya wavu vidole vya mdakaji havionekani, naona mgongo wake tu na soli za viatu. Ningemwambia hayo yote kwa utulivu kama angekuwa ameniuliza. Lakini hakuniuliza, alikuwa ameshahukumu, ila kwa adabu.

"Ni nani ameona?"

"Sipendi kutaja watu," alisema.

Nilimtazama maman. Alikuwa anatafuta kitu kwenye mkoba wake, na aliendelea kukitafuta kwa muda mrefu kuliko mkoba ule ulivyo mkubwa.

"Bon, usikasirike," akasema hatimaye. "Banasema tu ukae fasi ingine."

"Na wewe unasema nini?"

"Miye sina la kusema."

Hilo ndilo lililoniuma. Nilichukua blanketi na chai yangu, lakini sikwenda kulia. Nilikwenda kushoto, hadi upande wa wageni, nikakaa nyuma kabisa ya benchi lao. Nilijua inavyoonekana. Nilitaka ionekane. Kama mimi ni jasusi, basi nikae na walionituma.

Wageni walinitazama kwa mshangao, mmoja akanisogezea mfuko wake ili nipate nafasi. Mchezo ukaanza. Kwa mara ya kwanza nilimwona mkwe wa maman kwa upande wa kifua, maana mrushaji wa mkono wa kulia akijiandaa hugeukia upande huo. Nilimwona anavyoingiza mkono ndani ya glavu kutafuta jinsi ya kuushika mpira. Na karibu yangu, kwenye benchi, nikamsikia mchezaji mmoja mwenye ndevu nyekundu akipiga makofi, kofi moja tu, kavu. Mpira wa taratibu ukaja, mpigaji akautuma kwenye nyasi.

Baadaye kidogo, hakupiga kofi. Mpira ukaja wa kasi, mpigaji akauacha.

Nikaacha kumwangalia mwenye ndevu, nikaanza kuangalia kile anachokiangalia yeye. Ilikuwa glavu. Mkwe wa maman alipotaka mpira wa kasi, glavu ilikaa imefumba kama ngumi. Alipotaka ule wa taratibu, vidole vyake vilihangaika ndani, na glavu ikapanuka, ikafunguka kama kinywa cha mtu anayetaka kusema. Nilijaribu mwenyewe kimoyomoyo. Kasi. Kasi. Taratibu. Sikukosea.

Hapakuwa na jasusi. Alikuwa anawaambia mwenyewe.

Tulifungwa vibaya. Niliondoka bila kuaga, na nikakaa na hilo jambo kama mtu aliyeokota kitu kisicho chake. Nikilisema, wataniuliza nimelijuaje, na jibu ni kwamba nilikaa na wageni. Nisiposema, yule kijana ataendelea kupigwa hadi vuli. Nitasema kweli, kwa siku kadhaa niliona apigwe tu. Nilikwenda kazini kwenye ofisi yetu ya bima, nikarudi, simu ya maman sikuipokea.

Kilichonitoa kwenye kinyongo hicho ni nywele. Zilikuwa zimefika mahali ambapo ni yeye tu anayeziweza. Nikaenda galeri mchana mmoja wa kazi. Alinipokea kama kawaida, akanikalisha, akaanza kufumua misuko ya zamani. Wateja wengine wawili walikuwa wanasubiri, mmoja wao chini ya mashine ya kukaushia nywele. Tulizungumza habari za mvua. Nilimwona kwenye kioo akinichunguza kila nikiinamisha macho.

Ndipo mkwe wake akaingia kumchukua mkewe, ambaye alikuwa anafagia nyuma. Alinisalimia haraka, akaegemea mlango.

"Kaa kidogo," nilimwambia kwa Kifaransa. "Glavu yako unayo?"

Akaniangalia kwa tahadhari. "Iko kwenye gari."

"Ilete. Na mpira."

"Kwa nini?"

"Ilete tu."

Mkono wa maman ulisimama kichwani mwangu. "Alors, njo nini sasa?" aliuliza.

Kijana alirudi na glavu. Nikamwambia asimame baina ya viti, ajiandae kama yuko uwanjani, ashike mpira wowote anaotaka, asirushe. Mimi nitasema ni upi. Alitabasamu kwa mdomo tu. Akajiandaa.

"Kasi," nilisema.

Akatoa mkono nje, akauangalia. Akaingiza tena.

"Taratibu."

Akarudia. "Taratibu," nikasema. Akarudia. "Kasi." Wateja walikuwa wameacha simu zao. Mkewe alisimama na ufagio mkononi. Kila mara kijana alitoa mkono, akatazama vidole vyake vilivyokaa juu ya mpira, na kila mara tabasamu lilipungua, hadi akakaa kwenye kiti cha kuoshea nywele.

"Nani alikuambia?" maman aliniuliza. Sauti yake haikuwa nzuri. "Bale bageni njo balikuambia?"

"Glavu yake inafunguka, maman. Ukikaa upande wa wageni unaiona. Wanaiangalia, wanapiga kofi."

"Na juu ya nini haukuniambia miye kwanza?"

"Uliniona jasusi. Ningekuambia nini?"

Kijana ndiye aliyesema, akiwa ameinama. Wakati wa baridi aliumia kidole cha kati mazoezini, na tangu hapo mpira wa taratibu anautafuta kwenye glavu, hauji wenyewe kama zamani. Hakumwambia kocha, kwa sababu mrushaji mwenye kidole kibovu huwekwa benchi. Alijua kuna kitu hakiko sawa. Alitamani kiwe kitu cha nje.

Kisha akasema, bila kuniangalia, "Kitambaa chako ni mimi niliyemwambia kocha."

Mashine ya kukaushia ilikuwa inavuma juu ya kichwa cha mteja mmoja ambaye, masikini, hakuweza kusikia lolote. Maman alikwenda akaizima. Yule mteja akatazama huku na huku akidhani nywele zimeungua.

"Omba dada pardon," maman alimwambia mkwe wake. Kwa desturi yao mama mkwe hasemi hivyo na mkwe, na wote pale walijua.

Kijana akasimama, akaniomba radhi kwa maneno mazuri. Nikamwambia imekwisha. Haikuwa imekwisha, lakini kuna maneno ambayo mtu husema ili nywele zake zimalizwe kusukwa.

Alikwenda kwa kocha mwenyewe. Walifanya mazoezi wiki nzima, akajifunza kuushika mpira wa taratibu kwanza, kila mara, hata anapotaka ule wa kasi, ili glavu ifunguke vilevile kwa kila mpira. Mechi iliyofuata ilikuwa na wageni wengine, nao walikuwa wameshapata habari, maana timu huambizana. Kofi likapigwa. Mpigaji akangoja mpira wa taratibu, ukampita wa kasi kifuani, akageuka kulitazama benchi lake kwa hasira. Baada ya muda kila mtu kwenye lile benchi alikuwa anamtazama mwenzake. Nilikijua kile wanachohisi, na sikuwaonea huruma.

Tulishinda kwa shida, kwenye manyunyu. Kocha alikuja na kahawa kwenye kikombe cha karatasi, akaniambia nikae popote ninapopenda. Nilimshukuru. Kahawa ilikuwa ya moto na nzuri, nami niliinywa nikijiuliza kama na yeye aliliamini lile jambo tangu mwanzo, au alikuwa anamridhisha mrushaji wake. Bado najiuliza. Nikimwona mke wa mchezaji fulani akimnong'oneza mwenzake, mkono wangu unaokwenda kichwani hurudi magotini wenyewe.

Siku ile tulitembea na maman hadi kituo cha basi. Alikuwa amenishika mkono, kwa sababu lami ilikuwa inateleza.

"Dada," alisema, "uniambie kweli. Kama asingekuwa mukwe yangu, ungemwambia?"

Nilifikiri kwa hatua kadhaa.

"Sijui," nikamwambia. "Na wewe, uliamini?"

Akatazama barabara upande basi linakotokea.

"Kidogo," alisema.

Basi likaja. Akanitanguliza kupanda.