Miti ya Mubin kwenye Ardhi ya Watu

Mubin Faki hakuwahi kuona haya kuwafundisha watu jambo wanalolijua. Kile kijiji cha milimani kule Java kilikuwa kikichuma karafuu tangu enzi za mababu, lakini Mubin, akiwa amekaa juu ya kitanda cha chuma Al Quoz, huko Uarabuni, katika chumba cha watu sita, alipiga simu kila Ijumaa kuwaeleza namna ya kuchimba shimo.

"Usiubane mche," alikuwa akisema. "Panda mgomba karibu yake uupe kivuli. Na maji usimwage mchana, utaupika mzizi."

Aliyekuwa akisikiliza upande wa pili ni Lastri, mkewe, aliyezaliwa kijijini humo na kuchuma karafuu kabla hajajua kusoma. Alisikiliza mpaka mwisho, kila mara, kisha akajibu, "Sawa, Mas." Mas ndivyo wake wa kwao wanavyowaita waume zao. Walizungumza kwa Kiarabu cha kazini, kile cha kuokoteza, kwa kuwa ndicho pekee walichokuwa nacho wote wawili.

Walikutana Al Mankhool. Lastri alikuwa mtumishi wa ndani kwa madam mmoja mtaa huo kwa miaka tisa. Mubin, siku zake za mapumziko, alifunga mizigo katika duka la kago lililokuwa nyuma ya jengo lao. Siku sita nyingine alikuwa Jebel Ali, kwenye ghala la viungo, akipakua magunia, na nguo zake hazikuwahi kutoka harufu hata zikifuliwa mara tatu. Lastri alileta boksi la kupeleka kwao. Akasimama pale kaunta, akanusa, akamtazama yule Mpemba mwenye mvi za kwanza kidevuni, akasema, "Wewe unanuka nyumbani kwetu."

Mtu ameishi ughaibuni miaka kumi na minne, hakuna aliyemwambia neno zuri isipokuwa arbab wake, bwana mkubwa wa kazi, akimwambia yalla, fanya haraka, halafu anaambiwa hivyo. Angefanya nini? Walioana. Walii wa bibi harusi alikuwa kaka yake mkubwa, aliyetoa idhini kwa simu, na sherehe yao ilikuwa sahani ya biriani waliyoila kila mmoja kwa namna yake, yeye kwa mkono na mwenzake kwa kijiko.

Miaka miwili baadaye mama yake Lastri akapooza, Lastri akarudi kumuuguza. Mubin akabaki kazini. Ndipo alipopata ile fikra yake, na tangu siku hiyo hakuwa na nyingine.

Kaka yake Lastri alikuwa na kilima kitupu juu ya kijiji, kichaka na mawe. Mubin aliona kilima kile kwenye simu, akaona mikarafuu imejipanga mpaka kileleni. Alitaka kuipanda yeye, na siku mwili utakapochoka na magunia, akaishi chini yake na mkewe. Lakini miche, vibarua na mbolea havikuja kwa maneno. Alikuwa na kitu kimoja tu cha kuuza: mikarafuu tisa kule Mtambwe, Pemba, aliyoachiwa na marehemu baba yake. Akamuuzia ndugu yake, Shafiq.

"Unauza mikarafuu ili ukapande mikarafuu?" Shafiq aliuliza kwenye simu. "Mubin, una wazimu?"

"Ile ni tisa. Kule nitakuwa na mia mbili."

"Kwenye ardhi ya nani?"

"Ya shemeji. Miti yangu."

Shafiq akauliza bei, maana kwao hilo si la kubishaniwa. Hapa ndipo palipomponza Mubin, na hapangemponza mtu mwingine yeyote. Kwao Mtambwe, ardhi huweza kuwa ya ami yako na mikarafuu iliyosimama juu yake ikawa yako. Unairithi, unaiweka rehani, unaiuza, na mwenye ardhi hana la kusema. Hata ile tisa ilikuwa imesimama kwenye shamba la watu. Mubin aliyaona mambo hayo tangu anatambaa, hakuwahi kudhani kuna mahali duniani ambapo ni vingine.

Alikwenda huko mara moja, siku ishirini, miche ikiwa imefika kiunoni. Alimwambia shemeji yake, Lastri akitafsiri, "Ardhi yako, miti yangu." Shemeji akatabasamu, akaitikia kwa kichwa, akammiminia kahawa. Mubin akaridhika! Mtu mzima, anayesaini karatasi tatu kupokea gunia moja, akaridhika na tabasamu na kahawa. Namkasirikia kila nikifika hapo. Kabla ya kuondoka alikuta mche mmoja umepasuka panda kwa upepo, akaufunga kwa ukanda wa buluu wa plastiki, ule wa kufungia maboksi, aliokuja nao kutoka ghalani Jebel Ali.

Miaka ikaenda. Mikarafuu ikampita mtu kimo, ikampita mtu aliyebebwa begani. Lastri alituma video kila wiki, na Mubin aliionyesha kila aliyekaa karibu naye kwenye basi la kampuni. Protas, Mmatengo wa Mbinga aliyelala kitanda cha juu yake, alimwita Mjava.

"Mjava, leo imeota nini?"

"Imeweka matumba, Protas. Ya kwanza. Matumba!"

Mwezi huo huo kampuni ikawaita. Ghala linaingizwa mitambo inayopanga mizigo yenyewe, watu arobaini khalas, kazi basi. Wanaume walitoka pale wameshika vichwa. Mubin alikaribia kucheka. Akaenda ofisini kwa Joanita, dada wa Kiganda aliyeshughulikia fomu za wanaoondoka, maana kampuni ilikuwa ikimpa kila mmoja tiketi ya mwisho.

"Wewe mzee nikuandikie Zanzibar?" Joanita aliuliza.

"Semarang."

"Hiyo ni wapi?"

"Kwangu," alisema Mubin. Joanita akacheka, akaandika, akamwambia kama ana la kubadilisha alilete kabla ya mwisho wa mwezi unaofuata.

Hakuna siku Mubin alizokuwa na furaha kuliko wiki zile. Alinunua mkasi wa kupogolea. Aligawa blanketi lake.

Kisha ikaja video ya matumba yaliyoanza kuiva, kijani kikigeuka wekundu kwa mbali. Mubin aliitazama mara nyingi, akampigia Lastri akamwambia, "Zimebaki siku chache, tafuteni wachumaji." Wiki moja baadaye ikaja nyingine. Baadaye nyingine mbili. Ya nne alikuwa akiitazama wakati wa chakula cha mchana, akalirudisha tonge sahanini. Matumba yalikuwa yale yale, wekundu ule ule. Wiki tatu! Karafuu ya wiki tatu ingekuwa imekwishapasuka ikawa maua, haina tena thamani. Kwanza akadhani ni ugonjwa. Akaitazama tena, akauona ukanda wa buluu kwenye panda ya mti, na nyuma ya mti shati jekundu limeanikwa, mkono mmoja umejikunja. Akafungua video ya kwanza. Shati lile lile, mkono ule ule.

Mwingine yeyote ghalani humo angedanganyika mwaka mzima. Mubin aliijua karafuu mno.

Alipiga papo hapo, kwa picha. "Lastri, panda kilimani."

"Mvua, Mas."

"Sioni mvua dirishani kwako."

"Mama anaita."

"Lastri. Panda kilimani, mke wangu. Nakuomba."

Alipanda. Mubin aliona miguu yake kwanza, na udongo, na udongo tena mwekundu uliofukuliwa na mashine. Kisha visiki. Lastri aliigeuza simu polepole ili asisaze kitu, na palikuwa na visiki mpaka kileleni, na huko kileleni nguzo nne za saruji za nyumba ya wageni. Tajiri mmoja wa mjini alikuwa amekipenda kilima kwa sababu kutoka pale bahari inaonekana. Kaka alikuwa amekiuza.

"Kaka anasema ardhi ni yake," Lastri alisema, analia. "Nikamwambia miti ni ya Mubin. Akasema aliyenunua ardhi amenunua kilichosimama juu yake. Kila mtu hapa anasema hivyo, Mas. Mkuu wa kijiji pia. Anasema wewe ulisaidia kupanda, wanakushukuru."

"Lini?"

"Kuuza, miezi minne. Kukata, wiki tatu."

"Na video?"

"Ulikuwa unafurahi. Nilishindwa."

Mubin hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu kwamba atakuja, watakaa popote, wataanza tena. Ndipo Lastri alipomwambia lililobaki. Alikuwa ameshasaini kwenda Taiwan kulea mzee wa watu, miaka mitatu, anaondoka baada ya siku tisa. Mama atabaki kwa kaka. "Nitakurudishia miti yako," alisema. "Nitakurudishia yote, wallahi."

"Mimi sikutaka miti, Lastri," alisema Mubin, na huo ulikuwa uongo na ukweli kwa pamoja, kwa sababu hakuwahi kuweza kumfikiria yeye bila miti ile juu yake. Picha ikakatika. King'ora cha kurudi kazini kikalia, akasimama, akapakua magunia mpaka jioni. Usiku alizifua nguo zake mara nne.

Siku nne hakumwonyesha mtu yeyote video kwenye basi. Protas aliacha kumwita Mjava. Siku ya tano akampigia Shafiq, akameza fahari yake, akamweleza kila kitu.

"Pole sana, ndugu yangu," Shafiq alisema, na alikuwa na uchungu kweli. "Rudi. Nyumba ipo, chumba cha baba kipo."

"Na ile mikarafuu yangu tisa?"

"Mubin, uliniuzia mwenyewe, kwa mashahidi. Nimeshaigawia watoto." Akatafuta la kumfariji. "Lakini msimu unakuja na wachumaji ni shida. Njoo uchume. Nitakulipa kwa pishi, kama wenzako. Wewe tena mkono wako mwepesi."

Alisema kwa wema. Mubin akajibu inshallah.

Siku ya mwisho ya mwezi alisimama mbele ya meza ya Joanita.

"Nimekuja kubadilisha. Zanzibar."

Joanita alimtazama. Akafuta, akaandika. "Wa kukupokea bado ni huyu mkeo wa Indonesia?"

"Hayupo huko."

"Basi nipe jina la mtu wa kukupokea, mzee. Fomu haipiti bila mtu."

"Shafiq Faki." Akamtajia namba. Aliijua kwa moyo.

"Faki kama wewe. Niandike ndugu?"

Mubin alitazama dirishani, kule forklifti zilikokuwa zikishusha magunia yaliyotoka Pemba na yaliyotoka Java, na hakuna awezaye kuyatofautisha yakishapangwa.

"Andika arbab wangu," alisema.