Saa Iliyoshuka kwa Kikapu

Vijana wakiniuliza tuliwezaje kupanga Mji Mkongwe kwa kodi ndogo namna ile, huwajibu kwamba ilikuwa rahisi, mradi uwe na subira na jirani wa kukuazima kiti. Hawanielewi, basi nawaeleza pole pole.

Baada ya Mapinduzi nyumba nyingi za mawe ziliachwa na wenyewe. Serikali ikazichukua na kuzigawa, chumba kwa chumba, kwa watu kama sisi tuliotoka vibanda vya udongo vya Ng'ambo. Mimi na wazazi wangu tulikuwa tumepewa chumba cha juu kabisa, ambacho nadhani wenyewe walikuwa wakiwekea magodoro mabovu. Kodi yake haikuwa kitu. Lakini baba alipofariki tulibaki na kazi ya kushona kofia tu, na macho ya mama yalishaanza kuikosa sindano, hata ile kodi ndogo ikatuelemea. Ikitushinda, tungerudisha ufunguo na kwenda Kiembe Samaki kwa mjomba. Mke wa mjomba alishatuonesha banda la mbuzi, kwa tabasamu zuri sana. "Likifagiliwa, watu wanakaa," alisema.

Ndipo tukasikia kuwa asiyejiweza husamehewa kodi. Fomu zilipogaiwa, nyumba nzima ilichukua. Miaka ile ya foleni mtu alisimama kwanza akauliza baadaye kinachotolewa. Alichukua jirani yetu wa chini, mke wa mchukuzi wa bandarini, mwenye watoto sita. Akachukua na seremala wa ghorofa ya kati, Mkristo kutoka bara, kapera mwenye mshahara, ambaye hakuwa na shida yoyote ila upweke.

Tukaambiwa karani atakuja kukagua hali zetu. Hapa naomba msomaji anisikilize vizuri. Karani anakuja kuangalia umasikini, sawa. Lakini karani huyo huyo ni mgeni. Na kwetu, umasikini ni jambo ambalo mgeni halioni, hata akija kwa ajili yake.

Asubuhi ya siku yenyewe nilimkuta mama kashaazima kiti cha seremala, vikombe vyake vinne, sinia lake la maua, shuka la kitanda chake, na saa yake ya ukutani yenye kugonga. Seremala alitoa vyote kwa moyo mweupe, akaenda kazini akiahidi kurudi adhuhuri.

"Mama," nikasema, "huyu mtu anakuja kuona kwamba hatuna kitu."

"Aje aone," mama akajibu huku akinyoosha shuka. "Lakini akae wapi?"

Karani akaja na faili lake kwapani, kijana mwenye adabu. "Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitini."

Akaketi, akapewa chai. Mama alimtilia sukari yetu ya wiki nzima, akakoroga yeye mwenyewe asije mgeni akaona kopo lilivyobaki tupu.

"Mnakula vipi hapa?"

"Alhamdulillahi, twala."

"Mnapata dhiki?"

"Dhiki ya nini, mwanangu? Mungu mkubwa."

Nikakohoa. Mama akamwambia nina kifua.

Karani akainua macho ukutani. "Saa nzuri hii."

"Yetu sote," mama akasema, kama asemavyo kila muungwana kitu chake kikisifiwa. Karani akaandika. Niliiona kalamu ikienda, nikaliona na lile banda la mbuzi.

Alipoaga, akasema anakwenda kwa mke wa mchukuzi. Mama hakungoja viatu vyake vifike ngazi ya pili. Tulikuwa na kikapu cha kamba tulichokiteremshia dirishani kununulia samaki. Tukatia vikombe, sinia na saa, tukaanza kushusha, maana yule naye asingeweza kumpokea mgeni mikono mitupu.

"Pole pole, shoga!" mke wa mchukuzi alinong'ona toka chini, sauti ikasikika mpaka msikitini.

Kikapu kilikuwa kinapita dirisha la ngazi saa ilipogonga nne. Ilizigonga zote, bila haraka. Nikasikia hatua za karani zikisimama, kisha zikaendelea.

Kwa mke wa mchukuzi, ambaye alitusimulia baadaye, karani alinywea kikombe kile kile alichonywea kwetu, chenye pengo ukingoni. Akakitazama kikombe, akaitazama saa iliyoegemezwa kwenye debe. "Saa za nyumba hii zina miguu myepesi kunishinda," akasema.

"Basi hiyo usiiandike, mwanangu."

"Mama, mimi naandika ninachokiona."

Adhuhuri akapanda kwa seremala. Chumba kilikuwa na mkeka, kitanda cha kamba bila shuka, na msumari ukutani penye alama nyeupe ya saa. Karani alikaa chini. Hakupewa chai, maana vikombe havikuwepo. "Pole sana, ndugu yangu," alimwambia, na seremala, ambaye hakujua anapewa pole ya nini, alimshukuru.

Majibu yalikuja baada ya wiki chache. Mama hakusamehewa: ana saa ya ukutani, na sukari. Mke wa mchukuzi hakusamehewa: ana saa ya ukutani. Seremala alisamehewa kodi yote, kwa kuwa hana kitu.

Mama alianza kufunga mizigo ya Kiembe Samaki. Seremala akasimama mlangoni na karatasi yake mkononi, kichwa chini kama mwizi.

"Bi mkubwa, hii ni yako. Mimi nitalipa ya hapa badala ya ile niliyosamehewa."

"Mimi sili sadaka."

"Si sadaka. Nishonee kofia."

Mama akafikiri, akafungua mzigo, akatafuta sindano. Tukakaa. Kila kodi ilipofika alishona kofia moja, nami nilimtungia uzi. Mkristo wa watu alikuwa akiivaa mpya mpaka mlango wa kanisa, akaivua, akaitia mfukoni. Zilizozidi akazitundika chini ya saa yake, mstari mmoja baada ya mwingine.

Mwaka uliofuata karani alirudi kukagua. Alisimama mbele ya ukuta ule, akahesabu. Kisha akamfutia seremala msamaha, kwa sababu ya kumiliki duka la kofia.

Kwetu alikuta kiti cha seremala kimekwishapandishwa.